Kilichoua Gia Boksi ya Kwanza Bado Kimo Ndani ya Gari

Gari lilifika juu ya bredauni saa nne asubuhi, SUV ya Kijapani ya mwaka 2008, rangi ya fedha, na vijana wa gereji ile ya Magomeni walilitambua kabla halijashushwa. Lilikuwa limeshapita mikononi mwao. Gia boksi lililotoka nayo Japani ilikufa kwenye foleni ya Ubungo. Ya pili ilinunuliwa kwenye maduka ya spea ya Shaurimoyo, ikafungwa, ikatembea miezi michache. Ya tatu ilitoka duka jingine, na garantii ya wiki mbili iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Garantii ilipokwisha, gia boksi nayo ikaanza kuvuma. Mwenye gari, mama mmoja mwalimu wa sekondari, alisimama pembeni ameukumbatia mkoba wake. "Fundi," alisema, "mimi nina mkosi gani?"

Fundi hakuwa na jibu. Alikuwa ameshamwagiza kijana wake apige simu Shaurimoyo kuulizia bei ya nyingine.

Simu ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Gia boksi mbili zilikuwa zimetolewa kwenye gari lile zikauzwa kwa uzito kama chuma chakavu, wala hakuna aliyezifungua kutazama zilikufa kwa nini. Fedha za kununulia nyingine zilitoka kwenye mkopo wa SACCOS. Sasa ilikuwa inatafutwa ya nne, na swali la msingi lilikuwa bado halijaulizwa.

Gia boksi ya oto haifi hivi hivi. Tena mara nyingi kinachoiua hakimo ndani yake. Kimo kwenye rejeta, kwenye paipu za kupozea oili, kwenye kompyuta ya gari, kwenye waya wa ethi uliooza, au kwenye dumu la oili iliyotiwa. Ukiitoa mbovu ukafunga nzima bila kukitafuta, unampelekea muuaji yuleyule mgeni mwingine.

Tatizo hili linatugusa wengi kwa sababu ya magari tunayonunua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda mpaka wake ni miaka 15, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018. Tanzania haina ukomo, ila ina ushuru wa uchakavu unaopanda kadiri gari linavyozeeka. Kwa vyovyote vile, SUV inayoshuka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa imeshamaliza dhamana ya kiwanda zamani. Imepita kwenye ukaguzi wa Kijapani uitwao shaken, ambao hufanyika baada ya miaka 3 gari likiwa jipya na kila miaka 2 baada ya hapo. Lakini ukaguzi huo unaangalia breki, taa, chasisi na moshi. Hauulizi oili ya gia boksi ilibadilishwa lini. Mnunuzi wa Tegeta au Rongai anapokabidhiwa funguo, anapokea na historia ya oili asiyoijua.

Chukua Nissan X-Trail, gari lililojaa kwenye barabara zetu. Ile ya kizazi cha kwanza, T30, ilikuja na oto ya kawaida ya gia nne. Iliyofuata, T31, iliyotengenezwa kuanzia 2007, nyingi zilizotufikia kutoka Japani zina CVT iliyotengenezwa na kampuni ya Jatco, ambayo mafundi wanaijua kwa jina la JF011E. Gia boksi hiyohiyo, kwa mabadiliko ya hapa na pale, imo kwenye Mitsubishi Outlander ya miaka hiyo, kwenye Renault Koleos, na hata kwenye Jeep Compass. Ndani yake hakuna gia zinazopokezana. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma, uliopangwa kwa mamia ya vipande vidogo vilivyoshikwa na pete nyembamba. Puli zinapanuka na kusinyaa, na mwendo unabadilika bila mshtuko. Wazo lenyewe ni la zamani: Mholanzi Hub van Doorne aliliingiza kwenye gari la DAF mwaka 1958, akitumia mikanda ya mpira.

Kinachoubana mkanda kwenye puli ni shinikizo la oili. Shinikizo likipungua hata kwa muda mfupi, mkanda unateleza, na chuma kikiteleza juu ya chuma kinakwaruza. Uso wa puli uliokwaruzwa unatoa chembe, chembe zinasafiri na oili hadi kwenye vali ndogo za pampu na vali bodi, vali zinakwama, na shinikizo linashuka zaidi. Ndiyo maana CVT ikianza kuvuma au kutetemeka wakati gari linaondoka, siku zake zinahesabika haraka. Dereva anasikia mvumo kama wa beringi ya tairi na anaamua kusubiri mwisho wa mwezi. Gia boksi haiwezi kusubiri mwisho wa mwezi.

Udhaifu wa CVT za miaka ile ulijulikana hata kwao. Mwishoni mwa mwaka 2009 Nissan iliwarefushia wateja wa Marekani dhamana ya CVT hadi miaka 10 au maili 120,000, karibu kilomita 193,000, kwa magari ya 2003 hadi 2010. Dhamana hiyo haikuvuka bahari kuja na magari ya mtumba. Sisi tulipokea magari, na kila mmoja akabeba hatari yake.

Nirudi Magomeni. Nilimwomba fundi, kabla hajaagiza nyingine, aifungue sampu, yaani karai la oili, ya CVT iliyokuwa garini. Alisita, kwa sababu ni kazi ambayo hakuna aliyemwambia atalipwa, kisha akakubali. Oili ilitoka nyeusi, nyepesi, na harufu ya kuungua ilijaa kibandani hadi kijana mmoja akageuza uso. Chini ya sampu mna sumaku za kunasa chembe za chuma. Katika gia boksi nzima iliyotembea kilomita nyingi, sumaku hizo huwa na utando laini wa kijivu, na huo hauna tatizo. Hizi zilikuwa zimeota manyoya marefu ya chuma, na katikati ya manyoya mlikuwa na vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvishika kwa kucha. Hapo tulijua kwamba mkanda ulikuwa umeteleza. Hatukujua bado kwa nini.

Jibu lilikuwa kwenye kipozea oili, kidude cha alumini kisichozidi kiganja, kinachopitisha oili upande mmoja na maji ya rejeta upande wa pili. Gia boksi za mtumba nyingi huuzwa bila hicho, kwa hiyo kilikuwa kimehamishwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na kutoka ya pili kwenda ya tatu. Fundi alikifungua, akakipuliza kwa hewa ya kompresa juu ya gazeti. Lilitoka tope la kijivu lenye chembe zinazometameta. Hizo zilikuwa taka za gia boksi iliyokufa Ubungo. Ziliingia kwenye ya pili siku ileile ilipofungwa, zikaichoma, na ya tatu ikapokea za wenzake wawili. Mwalimu yule hakuwa na mkosi wowote. Alikuwa na kipozea ambacho bei yake kipya ni sehemu ndogo sana ya bei ya gia boksi moja.

Joto ndilo adui mkubwa wa oto yoyote, iwe CVT au ya gia. Kwenye oto kitu kinachounganisha injini na gia ni torki konveta, ambamo oili husukumwa na mapanga ya upande mmoja ili izungushe mapanga ya upande mwingine. Pale gari linapotambaa kwenye foleni ya Mwenge, injini inasukuma oili hiyo huku matairi yanakwenda polepole, na tofauti yote inageuka joto. Oili ya gia hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi joto kama 80 hadi 95. Mafundi wa oto wana kanuni yao kwamba ukishavuka kiwango hicho, kila nyuzi 11 hivi zinazoongezeka zinakata maisha ya oili nusu. Sasa ongeza kipozea kilichoziba, feni ya rejeta inayozunguka mwendo mmoja badala ya miwili, na kiyoyozi kinachofanya kazi saa nane mchana mwezi wa pili. Gari haliwezi kukuonyesha joto hilo, kwa sababu magari mengi ya aina hii hayana geji ya joto la gia boksi. Geji unayoiona ni ya maji ya injini.

Kwenye mlima ni hivyohivyo. Anayepanda Kitonga akiwa na watu saba na magunia ya vitunguu juu, ameacha gia kwenye D tu, anaiacha gia boksi ihangaike kutafuta mwendo. Ukiweka L, au ukashikilia gia ya chini kwa gari lenye nafasi hiyo, injini itapiga kelele zaidi lakini oili itapoa zaidi. Na ukihisi gari limepunguza nguvu lenyewe, usilikazie mguu. Mara nyingi hiyo ni kompyuta inayojaribu kuiokoa gia boksi. Simama pembeni, acha injini iungurume kwenye N hadi gia boksi ipoe.

Kuna rejeta pia, na hapa kisa kinachofundisha zaidi ni cha Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za mwaka 2005 hadi 2010 zilizouzwa Marekani. Katika magari hayo kipozea cha oili ya gia kimo ndani ya tanki la rejeta, na rejeta zikawa zinapasuka kwa ndani. Maji yenye kulanti yakaingia kwenye oili ya gia. Wenye magari walifungua sampu wakakuta kitu cha waridi, kizito, chenye povu, kama mtindi uliokorogwa na sharubati. Nissan ilirefusha dhamana ya rejeta hizo, na wenye magari wakaenda mahakamani. Kinachonigusa katika kisa kile ni waliofungiwa gia boksi mpya kabla rejeta haijagunduliwa: mpya nazo zikafa kwa maji yaleyale.

Maji ni sumu kwa sababu ya jinsi klachi za oto zilivyotengenezwa. Ni sahani za chuma zilizobandikwa utando unaofanana na karatasi ngumu, na utando huo umeshikwa kwa gundi. Maji yakiingia, utando unavimba na kubanduka. Vipande vyake vinaziba filta, na sahani iliyobaki chuma kitupu haishiki tena. Kwetu maji hayo huja kwa njia nyingine pia. Gia boksi ina tundu la kupumulia juu yake, na gari likiingia kwenye maji ya Jangwani wakati Mto Msimbazi umefurika, chuma cha moto kinapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia tundu hilo. Injini ikiwaka kesho yake, mwenye gari anamshukuru Mungu na kuendelea na safari. Gia boksi itaanza kuteleza baada ya wiki kadhaa, na hakuna atakayekumbuka mvua. Ukivuka maji yaliyofika juu ya ekseli, badilisha oili ya gia siku hiyohiyo, hata kama ilikuwa mpya.

Oili yenyewe ni suala ambalo nalisema kwa uchungu. Katika gereji nyingi bado utasikia kwamba ATF (oili ya oto) ni ATF, mradi ni nyekundu. Si kweli. Toyota za zamani zinataka T-IV, na zilizofuata zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. CVT za Nissan za kizazi cha T31 zinataka NS-2, na zilizofuata NS-3. Mitsubishi wana yao. CVT ikitiwa ATF ya kawaida inakosa msuguano ambao mkanda unauhitaji ili ushike kwenye puli, na uharibifu unaanza kabla gari halijatoka getini. Nimeona dumu moja la lita 20, lisilo na lebo, likihudumia kila oto iliyoingia gereji. Mwenye gari ana haki ya kuuona mkebe ukifunguliwa mbele yake. Asione haya kudai.

Vilevile ujazo. Oili ya gia haipimwi kama ya injini. Toyota na Nissan zenye kijiti cha kupimia zinapimwa injini ikiunguruma na oili ikiwa ya moto. Zisizo na kijiti zina tundu la kufurikia linalofunguliwa oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Ikizidi inatokwa na povu, na povu halibani mkanda wala klachi. Ikipungua pampu inavuta hewa. Matokeo ni yaleyale.

Wapo wanaoamini kwamba oili ya gia ni ya maisha, haibadilishwi. Kauli hiyo ilitoka kwa baadhi ya watengeneza magari wenyewe. Lakini kampuni ya Kijerumani ZF, iliyotengeneza gia boksi ya 6HP26 iliyomo kwenye Land Rover Discovery 3 na Range Rover za wakati ule, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka 8. Aliyeichonga gia boksi anajua zaidi kuliko aliyeandika kitabu cha mauzo. Wengine wanaogopa kubadilisha kwa sababu wamesikia kwamba oili mpya inaua gia boksi kuukuu. Nilichokiona ni kwamba watu wengi hukimbilia kubadilisha oili wakati gia imeshaanza kuteleza, halafu inapokufa lawama zinaangukia oili mpya. Kwa gari lisilojulikana historia, na ambalo bado linabadilisha gia vizuri, mwaga ile inayotoka kwenye sampu tu, jaza kiasi kilekile, tembea wiki kadhaa, rudia. Usikubali mashine ya kusukuma oili kwa nguvu kwenye gia boksi yenye umri wa miaka 15.

Halafu kuna kompyuta, na hapa fedha nyingi zaidi hupotea kwa sababu kosa halionekani kwa macho. Toyota RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilipata sifa mbaya ya kubadilisha gia kwa kishindo na hatimaye kuua gia boksi. Chanzo kilikuwa ndani ya kompyuta ya injini, ambayo ndiyo inayoziamuru solenoidi (vali za umeme) za gia: saketi zake zilikuwa zinakatika zikipata joto. Solenoidi isipopata amri sahihi, gia inaingia nusu, klachi inaungua. Waliobadilisha gia boksi bila kugusa kompyuta waliiua na iliyofuata. Toyota ilirefusha dhamana ya kompyuta hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000. Leo mafundi wa umeme wenye mkono mwepesi wanaifungua kompyuta ya namna ile na kuipiga risasi upya kwenye maungio yaliyopasuka, na gari linatulia kwa gharama ambayo hata nusu ya gia boksi ya mtumba haifiki.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, gari lisomwe kwa mashine ya kupimia, na namba za hitilafu ziandikwe kwenye karatasi. P0868 kwenye CVT ya Nissan inasema shinikizo la oili limeshuka. P1778 inaelekeza kwenye mota ndogo inayosogeza puli. P0750 na jamaa zake kwenye RAV4 zinaelekeza kwenye solenoidi, waya zake au kompyuta. Namba haikwambii nunua nini, inakwambia uanze kutafuta wapi. Ukikuta fundi anafuta namba kwanza ili taa izime, halafu ndiyo anaanza kuuliza maswali, ameutupa ushahidi. Na apime betri na waya wa ethi kabla ya yote, kwa sababu kompyuta inayopata volti pungufu hutoa amri za ovyo.

Mengine nayataja kwa haraka. Gari la oto lisivutwe kwa kamba: pampu ya oili inazungushwa na injini, na injini ikiwa imezima matairi yanazungusha vyuma vikavu. Lenye kuendesha magurudumu manne lipandishwe lote juu ya bredauni. Tairi nne za gari hilo ziwe za saizi moja na zilizochakaa kwa kiasi kinachokaribiana. Na usitoe gia kutoka R kwenda D wakati gari bado linarudi nyuma, hata kama wa nyuma yako anapiga honi.

Tuseme sababu imepatikana na imeondolewa, na gia boksi iliyomo kweli imekwisha. Ya mtumba bado inaweza kuwa uamuzi mzuri. Sikubaliani na wanaosema zote ni uchafu. Zipo zilizotolewa kwenye magari yaliyogongwa nyuma yakiwa na kilomita chache. Lakini tazama kibati chake, ulinganishe namba ya modeli na iliyomo garini mwako, siyo jina tu. JF011E ya Outlander na ya X-Trail zinafanana kwa umbo, ila hazibadilishani bila matatizo. Kama ipo kwenye nusu gari ambalo injini bado inawaka, omba isikilizwe kabla haijatolewa. Ivue sampu pale dukani, mbele ya muuzaji, utazame sumaku. Muuzaji anayekataa amekujibu.

Kwenye CVT za Nissan kuna hatua ambayo mafundi wetu wengi huiruka. Kila gia boksi ilipimwa kiwandani, na vipimo vyake vimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo iliyofungwa kwenye vali bodi. Gia boksi ikibadilishwa, vipimo hivyo vinapaswa kusomwa na kuingizwa kwenye kompyuta ya gia kwa mashine inayoweza kazi hiyo. Visipoingizwa, kompyuta inaibana gia boksi mpya kwa vipimo vya marehemu. Gari linatetemeka tangu siku ya kwanza, mwenyewe anaambiwa itazoea, na baada ya miezi mitatu anarudishwa Shaurimoyo.

Njia ya pili ni kuifungua na kuijenga upya: sahani za klachi, sili, beringi, vali bodi, mkanda ikibidi. Dar es Salaam na Nairobi zina mafundi wasiofanya kazi nyingine zaidi ya oto, na wazuri wao nawaheshimu sana. Nimewahi kumwona mmoja akitandaza vali za vali bodi moja juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio zilivyotoka, zaidi ya dazeni, na springi zake, akizirudisha bila kubakiza hata moja. Kazi hiyo inagharimu zaidi ya mtumba, ila unajua ndani mna nini. Wengine hugeuza gari kuwa la gia za mkono. Kwa SUV za zamani zisizo na kompyuta nyingi inawezekana. Kwa T31 na wenzake, kompyuta ya injini itaendelea kuitafuta gia boksi ambayo haipo, na utahamia kwenye ugomvi mwingine.

Na ipo njia ya kuliachia. Jumlisha gia boksi, kazi, oili, kipozea na rejeta, ulinganishe na bei ambayo gari lile lingeuzika likiwa zima. Ikifika nusu yake, na injini nayo inakunywa oili, suspensheni imelegea na bima inakaribia kwisha, mimi ningeliuza kwa spea na ningemwambia mnunuzi ukweli wote. Kama bodi ni imara na injini ni nzima, ningelitengeneza.

Lakini nisimbebeshe fundi mzigo wote. Yule wa Magomeni hakuwa mzembe. Amesoma VETA, ana mkono mzuri, na alikijua kipozea fika. Alichokosa ni mtu wa kumlipa kukitazama. Tumezoea kumlipa fundi kwa kufunga na kufungua. Akitumia saa tatu kupima shinikizo, kufuatilia waya na kusoma namba, kisha akakwambia tatizo ni kifaa cha bei ndogo, tunamuuliza kwa nini anadai hela na hajabadilisha kitu. Akiuza gia boksi, anapata chake cha juu dukani na ujira wa kufunga, na tunamlipa bila ubishi kwa sababu chuma kikubwa kimeonekana kikiingia. Kwa utaratibu huo, atakayetuletea gia boksi ya nne ndiye atakayekula vizuri wiki hiyo.

Gereji chache nilizozitembelea Dar es Salaam zimeanza kubadilika. Zinatoza ada ya uchunguzi mapema, zinakuandikia matokeo kwenye karatasi, na ukikubali kazi ifanyike hapo, ada inakatwa kwenye bili. Gia boksi iliyotolewa hawaipeleki kwenye mizani hadi ifunguliwe nawe upo. Wateja wengine bado wanakasirika wakisikia ada hiyo na kuondoka. Mwalimu aliilipa Magomeni siku ileile, kabla fundi hajafunga sampu, na risiti akaiweka kwenye mkoba pamoja na zile mbili za gia boksi.